Ng'ombe Sitini na Mmoja Waliopotea Kwenye Jedwali

Paya, Tororo
5 Machi 2026

Binti yangu Phiona,

Mwili wangu ni mzima na mbuzi wamezaa, kwa hiyo salamu tumezimaliza. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu jambo hili nikilisema kwenye simu nitapiga kelele mpaka majirani waje. Rasto wa bodaboda anapeleka maziwa Busia kesho. Nitampa bahasha hii, na wewe umpe jibu lako.

Miaka mitatu ulikaa kwangu ukisoma sekondari, na kila likizo ulinishikia kitabu cha chanjo. Unakijua kilivyo: tarehe, mwenye ng'ombe, rangi, jike au dume, na mwisho kabisa jina la boma anakolala. Mwezi uliopita nilichanja ng'ombe mia tatu na kumi na wawili dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo. Dozi zote ziliisha, nikaandika ng'ombe wote, nikapeleka kitabu kwa watu wa Mradi wa Chanjo Mpakani. Carol, karani wao, akakichapa kwenye kompyuta. Siku hizi hawasomi wenyewe. Wana akiliunde ya kuwasomea, nayo ndiyo hutoa orodha ya maboma yatakayopewa dozi ya pili.

Orodha imekuja jana. Ina ng'ombe mia mbili hamsini na mmoja.

Sitini na mmoja hawamo. Unamkumbuka Obbo Samuel, yule asiyetaka ng'ombe wa rangi yoyote ila mwekundu? Ana majike watano. Wawili wanalala kwake, wawili kwa Egau, mmoja kwa shemeji yake ng'ambo ya kinamasi, kama tufanyavyo sote huku ili ugonjwa ukiingia boma moja usimmalize mtu. Orodha inamjua mmoja tu. Na boma la Egau halimo kabisa. Egau hana ng'ombe wake mwenyewe hata mmoja, lakini anawatunzia wenzake ng'ombe kumi na wanane. Hao wote hawatapata dozi, na ugonjwa tayari umeonekana karibu na mto.

Ninyi huko Busia mnapima mashine. Niambie, mashine hupotezaje ng'ombe aliyeandikwa? Na ni nani aliyesema mashine hiyo inafaa? Lazima kuna mtu alisema. Usijibu kwa haraka, siku hizi nina nafasi.

Mama yako,
Loy Athieno


Busia
8 Machi 2026

Mama Loy mpendwa,

Nimepokea barua yako kwa heshima, ingawa Rasto aliimwagia maziwa kidogo. Nimefurahi kusikia habari za mbuzi.

Acha nikueleze kazi yetu, maana nadhani unatupa sifa tusizostahili. Hatupimi mashine. Tunasoma maelezo yake. Hiyo akiliunde, ambayo sisi tunaiita wakala, hupewa kazi na programu nyingi za kuitumikia. Moja inasoma majedwali, nyingine inatuma ujumbe, nyingine inahesabu siku. Wakala haoni ndani ya programu. Anasoma maneno machache yaliyoandikwa juu yake, kama vile wewe unavyosoma karatasi ya dawa bila kuifungua chupa, kisha anaamua atumie ipi. Kazi yetu ni kusoma maneno hayo kabla yake na kusema yanafaa au hayafai. Tuko wanne, ofisi yetu ipo juu ya duka la kubadilisha fedha, na malori yakipiga honi hatusikilizani.

Programu iliyosoma kitabu chako inaitwa Msomaji. Maelezo yake ni sentensi moja: "Husoma jedwali lolote na kurudisha orodha iliyo tayari kutumika." Aliyeyapitisha nitamuulizia.

Ila Mama, tusiikimbilie mashine kwanza. Huenda Carol aliruka mistari alipokuwa akichapa. Na mwandiko wako pia, usinikasirikie, unazijua saba zako zinavyofanana na moja. Ungeangalia hapo kwanza.

Kwa nini unasema una nafasi siku hizi? Huu si ndio msimu wa kuzunguka?

Mwanao,
Phiona Aanyu


Paya
11 Machi 2026

Phiona,

Saba zangu! Saba zangu zimehesabu vizazi viwili vya ng'ombe wa Paya, na leo wewe niliyekushika mkono ukiandika ndiye unazitia ila. Nimekwenda mwenyewe kwa Carol, nikakaa kando yake, tukasoma mstari kwa mstari tangu asubuhi hadi chakula cha mchana. Wote mia tatu na kumi na wawili wamo kwenye kompyuta yake. Binti wa watu hakuruka hata mmoja. Alilia, kwa sababu na yeye anaogopa. Kwa hiyo ng'ombe wamepotea baada ya mikono yake na kabla ya orodha.

Nimekunakilia hapa ukurasa mmoja wa Obbo uone kwa macho yako:

3 Februari. Obbo Samuel. Nyekundu. Jike. Kwake.
3 Februari. Obbo Samuel. Nyekundu. Jike. Kwake, wa pili.
3 Februari. Obbo Samuel. Nyekundu. Jike. Egau.
3 Februari. Obbo Samuel. Nyekundu. Jike. Egau, wa pili.
3 Februari. Obbo Samuel. Nyekundu. Jike. Ng'ambo.

Hereni za masikioni hazijafika mpaka leo, kwa hiyo namba hazipo. Safu ya mwisho sijaiandikia kichwa, sijawahi kuiandikia, kwa sababu kila mtu huku anajua ni boma.

Umeuliza kuhusu nafasi yangu. Sikutaka kukuambia, lakini umeniudhi, basi sikia. Arthur, mkuu wa mradi, alikuja na watu wawili kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Walihesabu chupa tupu, wakatazama orodha, wakasema dozi sitini na moja sikuzichanja, nimezivusha mpakani nikaziuza Kenya. Arthur aliniambia mbele ya wanawake wa kisimani: "Mama, sisi nachukua hiyo sanduku ya dawa na ufunguo. Wewe nakaa nyumbani mpaka kamati nasikiliza." Miaka kumi na tisa, Phiona. Nimeingia kila boma hapa, nimekunywa maji ya kila mtungi, na sasa nikipita watu wananyamaza.

Kamati ya mradi inakaa Tororo tarehe 20 Machi. Wakiona nina hatia, kazi imekwisha na jina langu pia, na sitapata jingine. Nitajie aliyeipitisha programu hiyo. Simtakii mabaya. Nataka aje asimame aseme alichokiona.

Loy Athieno


Busia
13 Machi 2026

Kwa Jared, mkuu wa ofisi.

KUHUSU: MAELEZO YA PROGRAMU YA MSOMAJI NILIYOYAPITISHA TAREHE 19 JANUARI

Naomba kuondoa kibali nilichotoa. Sababu zangu ni hizi.

Jana nilichapa ng'ombe wa baba yangu, mzee Ecodu wa Lunyo, jinsi walivyokuwa nilipokuwa mtoto: kumi na wanne katika maboma manne. Safu ya boma sikuipa kichwa. Niliwapitisha kwenye Msomaji. Ilirudisha sita, bila onyo lolote. Nikarudia mara tatu. Inachofanya ni hiki: safu isiyo na kichwa inaitupa, kisha mistari ikishafanana inaacha mmoja na kufuta mingine. Hakuna neno hata moja juu ya hayo kwenye maelezo. Wakala aliyeambiwa orodha "iko tayari kutumika" ameitumia. Hakukosea. Amesoma tulichokubali asome.

Kuna jambo la pili, nalo unalijua. Tarehe 19 Januari nilipoipima kwa jedwali la mfano, mistari hamsini ilirudi arobaini na minne. Nilikuonyesha. Ulisema, "Hayo ni marudio tu, songa mbele, kuna arobaini zingine zinangoja." Nikasonga. Nikaandika "yanafaa" na kutia sahihi.

Nimeandika maelezo mapya, yasomeke hivi: "Husoma jedwali ambalo kila safu ina kichwa. Hutupa safu isiyo na kichwa. Hufuta mistari inayofanana na haitaji idadi ya iliyofutwa. Isitumike kwa vitabu vya mkono, wala pale ambapo kukosekana kwa mstari mmoja kunaweza kumdhuru mtu au mnyama."

Naomba pia ruhusa ya kwenda Tororo tarehe 20 kuyasema haya mbele ya kamati ya mradi wa chanjo, inayomtuhumu mama aliyenilea nikisoma kwa sababu ya ng'ombe waliofutwa hivyo.

Phiona Aanyu


Busia
14 Machi 2026

Phiona,

Nakujibu kwa karatasi kwa sababu ulianza kwa karatasi. Maelezo yako mapya ni mazuri. Ni mazuri kuliko chochote tulichoandika mwaka huu, na nakwambia bila utani.

Sasa fikiria poa. Wenye Msomaji wanasaini nasi mkataba mpya mwisho wa mwezi. Yaweke hayo maelezo kwenye faili kwa tarehe 19 Januari. Onyo litakuwa lilikuwepo tangu mwanzo. Mama yako ataonekana hana hatia, kwa sababu itajulikana kuwa programu hufuta. Wewe utabaki na kazi, sisi tutabaki na mteja. Atakayeulizwa ni yule karani wa mradi, mbona hakusoma onyo, naye ataonywa tu na mambo yataisha.

Ukienda kule kwa njia yako, unaenda kama mtu aliyepitisha kitu kibovu, si kama mtaalamu. Na hutarudi kwenye meza hii. Si vitisho, ni vile mambo yalivyo.

Nijibu kufikia Jumatatu.

Jared


Busia
15 Machi 2026

Mama Loy,

Uliuliza jina mara mbili na mara mbili nimekuficha. Aliyepitisha ni mimi.

Niliona mistari sita imepotea kwenye jedwali la mfano, nikaambiwa ni marudio, nikakubali. Mimi ambaye asubuhi nikiwa mtoto nilitumwa kwa maboma manne kuuliza ng'ombe wa baba wameamkaje. Hakuna mtu ofisini aliyepaswa kujua kuliko mimi kwamba jina moja likirudi mara tano ni ng'ombe watano. Halafu ulipoandika, nikakimbilia saba zako, nikamkimbilia na Carol. Naona aibu, na naisema hapa kwa sababu kwenye simu ningezunguka tena.

Mkuu wangu anataka maelezo mapya yawekwe tarehe ya zamani. Ningefanya hivyo, wewe ungesafishwa na mimi ningebaki. Nililiwaza usiku kucha, sitakuficha hilo pia. Lakini Carol ataonekana mzembe kwa onyo ambalo halikuwepo, na wewe ulikaa kando yake ukamwona analia. Nimemjibu Jared hapana.

Nakuja tarehe 20. Nitaleta kompyuta, nitaleta ng'ombe wa Obbo, nitaleta karatasi yenye sahihi yangu. Nimekuwekea hapa maelezo mapya uyasome. Kama hutaki kuniona, nitasimama nje mpaka niitwe.

Phiona


Paya
17 Machi 2026

Phiona,

Nimesoma barua yako nikaiweka chini ya sufuria, nikaenda kupalilia mihogo, nikarudi nikaisoma tena. Nimekasirika. Sijui kukuandikia kwa upole leo na sitajaribu.

Ugonjwa umeingia kwa Egau. Tangu Jumamosi ng'ombe wanatoa udenda, hawali, na maziwa yamekauka. Ndama wawili wamekufa. Mimi nimekaa hapa bila sanduku, bila ufunguo, nikisikia wanavyolia. Nilikwenda hata hivyo, nikamsaidia kuwatenga walio wazima na kuwaosha wagonjwa midomo kwa maji ya magadi, kwa kuwa hilo halihitaji ruhusa ya Arthur.

Nilimsomea Egau maelezo yako. Wewe unajua hajasoma mbali, lakini alisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa bado kwenye mdomo wa ng'ombe. Kisha akasema: "Sawa, nasema kitu gani inafuta. Lakini kama hiyo kitu haijui ni ng'ombe moja ama ng'ombe tano, nauliza nani?" Nikaipitia karatasi yako upya. Jibu halimo. Umemwambia wakala asitumie. Hujamwambia amuulize nani. Atakaa tu pale, au atachukua programu nyingine iliyo mbovu zaidi.

Andika hilo. Na mimi nimeandika kichwa juu ya safu yangu ya mwisho kwenye kila ukurasa, kurasa tisini na sita: BOMA ANAKOLALA. Nilidhani kila mtu anajua. Waliojua walikuwa watu wa Paya.

Usisimame nje. Kamati inaanza saa nne, uwe ndani saa tatu na nusu, nguo iliyopigwa pasi. Usilie mbele yao, watasema tumefundishana.

Loy Athieno


Lunyo, Busia
22 Machi 2026

Mama Loy,

Naandika kutoka kwa baba. Jared alinipa barua ya kuachishwa kazi jana asubuhi, akanipa na mkono. Aliniambia, "Ulisema vizuri, na nimekasirika." Nilimwambia namfahamu mtu mwingine anayesema hivyohivyo.

Tulitoka kwa kamati bila kuzungumza, maana ulizungukwa na watu. Kwa hiyo nakuandikia nilichotaka kukuambia pale. Nilipoingiza ng'ombe watano wa Obbo na akatoka mmoja, nilimtazama Arthur. Aliinama kwenye kioo, akaniambia niweke tena. Nikaweka tena. Akatoka mmoja. Akauliza nani aliyeruhusu kitu hiki, nami nikasema ni mimi, Phiona Aanyu, na sahihi ni hii. Chumba kizima kilinigeukia. Nilikutafuta wewe kwa macho, na wewe ulikuwa unatazama dirishani. Sijui ulikuwa unawaza nini na naogopa kuuliza.

Nimeyaandika upya kama Egau alivyotaka. Sentensi ya mwisho ni hii: "Mistari ikifanana, simama, na umuulize aliyeandika kitabu kabla ya kutoa orodha." Arthur amewaambia wenye Msomaji kuwa hatawatumia bila maneno hayo, nao wameyakubali. Sina kazi, lakini maneno yamo.

Nimesikia una ufunguo tena. Nimefurahi, Mama, nimefurahi sana. Hao ndama wawili siwezi kuwarudisha, na nimemwandikia Egau kumwambia hivyo. Kama kuna siku utaweza kunisamehe, nitaomba siku hiyo nije kukusalimu.

Mwanao,
Phiona


Paya
24 Machi 2026

Phiona,

Ndiyo, nina ufunguo. Arthur aliuleta mwenyewe, tena alipitia kisimani kwanza kwa sababu nilimwambia siuchukui mahali pengine. Aliwaambia wanawake wale wale kwamba dozi zote zilichanjwa. Alisema kwa sauti ndogo, nikamwomba arudie.

Dirishani nilikuwa natazama kwa sababu ningekutazama wewe ningelia, nami ndiye niliyekukataza kulia. Basi usijitungie mengine.

Kusamehe bado. Nasema bado ili usije ukasikia sitaki. Ndama wa Egau wanazunguka kichwani kwangu kila nikipika, na kuna ng'ombe watatu pale ambao kwato zao hazijapona. Siwezi kuandika neno hilo kwenye karatasi halafu nikaenda kuwatazama.

Mradi umeniambia orodha ya zamani itupwe na kila ng'ombe ahesabiwe upya, kwa macho, boma kwa boma, kabla dozi ya pili haijatolewa. Wameniruhusu kuchukua mtu wa kuniandikia. Maboma ni mia moja na manne, mengine ni ng'ambo ya kinamasi na mvua zimeanza. Walinipa majina ya vijana watatu wenye vyeti. Niliwaambia nina mtu wangu, alishakosea kuhesabu ng'ombe wetu mara moja na hatathubutu tena.

Tunaanza Alhamisi asubuhi kwa Obbo. Lete buti za mpira na kalamu mbili. Tukifika boma la mwisho, niulize tena habari ya msamaha, nitakuwa nimechoka mno, sitaweza kukataa.

Mama yako,
Loy Athieno